Tuache kuita «kura ya hasira»: Waingereza, vyama vyao na bunge la Ulaya



Kuko neno moja ambalo wachambuzi wa redio na magazeti wamelizoea kila wakati wanapozungumza juu ya Waingereza na uchaguzi wa bunge la Ulaya: «kura ya hasira». Waliweka UKIP mbele mwaka 2014? Hasira. Waliweka Brexit Party mbele mwaka 2019? Hasira tena. Walikipatia Chama cha Kijani 15% mwaka 1989? Hasira, kisha wakasahau. Neno ni fupi, ni rahisi kulishika, na njo maana linapendwa. Mimi leo nataka kulikosoa, juu linatufanya tufunge kitabu kabla ya kukisoma. Linasema mpiga kura aliwaka, halafu akatulia. Na mtu mwenye kuwaka, wanatuambia, hana maoni, iko na joto tu.

Waingereza walipiga kura mara tisa kwa bunge lile, tangu 1979 mpaka 2019. Ukizipanga hesabu za mara hizo tisa kando ya hesabu za uchaguzi wa bunge lao la London, unaona kitu kingine. Unaona watu waliokuwa na maoni wazi juu ya vyama vyao, na waliyasema mahali sheria iliwaacha wayaseme. Hasira ilikuwako, sikatai. Lakini hasira ni sehemu ndogo ya habari, na wale wakubwa walioishika kama habari yote walilipa bei kali.

Tuanze na kile ambacho neno hili lina haki nacho, ili tusimwonee mtu.

Ni kweli kwamba uchaguzi wa Ulaya haukuwa na uzito wa ule wa London. Hautoi serikali. Siku ya pili waziri wa kwanza ni yule yule, kodi ni ile ile. Watu walijua, na wengi walibaki nyumbani. Mwaka 1979, mara ya kwanza kabisa, walikwenda kupiga kura kama mtu mmoja kwa watatu. Mwaka 1999 walishuka mpaka 24%, maana yake watu watatu kwa wanne hawakujisumbua. Mwaka 2014 ni 35,6%, na 2019 ni 37%. Kwa uchaguzi wa London mara nyingi ni 60% na zaidi. Tena wale wanaokwenda si mfano mzuri wa nchi nzima: wazee wanakwenda kuliko vijana, na wenye msimamo mkali wanakwenda kuliko wasiojali.

Sisi tuliosoma kilimo tunaijua hatari hiyo. Ukitaka kupima mavuno ya shamba la mahindi, hauchukui mistari ya pembeni. Pale mimea inapata mwanga mingi kuliko ile ya katikati, na kipimo kinakudanganya. Ukileta mistari ya pembeni peke yake na kusema «hii njo hekta nzima», mwalimu anakurudisha shambani. Kwa hiyo mwenye kusema mwaka 2014 «Uingereza nzima iko UKIP» alikosea kipimo. Sawa.

Lakini mistari ya pembeni nayo ni mahindi. Haikupandwa na mtu mwingine, haikutoka mbegu nyingine. Ukiitupa yote kwa sababu ni ya pembeni, umekosea vilevile. Na hapo njo neno «hasira» linaingia kama ufagio: linafagia kila kitu.

Sasa tuangalie mtambo wenyewe wa kuhesabu, juu wachambuzi wengi wanauruka. Uchaguzi wa bunge la London unafanyika kwa jimbo dogo moja na mtu mmoja: mwenye kura mingi anachukua kiti, wengine wote wanarudi mikono mitupu. Kwa miaka 20 ya kwanza, uchaguzi wa Ulaya pia ulifanyika hivyo mu Uingereza, Uskoti na Wales. Ni Ireland ya Kaskazini tu iliyokuwa na njia yake. Matokeo yalikuwa ya kuchekesha kama hayangekuwa ya kusikitisha. Mwaka 1979 chama cha Conservative kilichukua viti 60 kwa 78. Mwaka 1984 muungano wa Liberal na Social Democrats ulipata 19,5% ya kura na kiti hata kimoja hakuna. Mwaka 1989 Chama cha Kijani kilipata kura karibu milioni 2,3, na kiti? Bule. Watu milioni mbili na zaidi walisema kitu, sanduku likajibu kwa sifuri.

Mwaka 1999 serikali ya Tony Blair ilibadilisha sheria. Waligawa nchi kwa mikoa mikubwa, kila mkoa na viti vyake, kila chama na orodha yake. Unachukua kura za kila chama, unazigawa kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea. Viti vinakwenda kwa hesabu zilizobaki kubwa. Haiko sawa kamili. Mkoa wa kaskazini-mashariki mwishowe ulikuwa na viti 3 tu, na wa kusini-mashariki ulikuwa na 10; kwa hiyo chama kidogo kilikuwa na nafasi kusini kuliko kaskazini. Lakini hata hivyo, tangu siku hiyo kura ya mtu wa chama kidogo ilianza kuzaa. Mwaka ule ule 1999 UKIP ilipata wadepite 3, Nigel Farage akiwa mmoja wao, na Kijani wakapata 2.

Munaona basi? Kwa Mwingereza, uchaguzi wa Ulaya baada ya 1999 ulikuwa mahali pekee ambapo nchi nzima iliweza kusema chama inachokipenda bila kuogopa kwamba kura itapotea. Kwa uchaguzi wa London anafanya hesabu nyingine: «Ninapenda huyu, lakini hapa kwetu hawezi kupita, basi nimpe yule ili huyu mwingine asipite.» Sasa nani kati ya hao wawili anasema maoni yake ya kweli? Mwenye kuficha chama chake London, ao mwenye kukitaja mu uchaguzi wa Ulaya? Wachambuzi walimwita wa kwanza mtu wa busara na wa pili mtu wa hasira. Mimi nasema ni mtu mmoja, mbele ya masanduku mawili yenye sheria mbili.

Tuchukue mifano mitatu, maana haifanani, na neno «hasira» linaipaka rangi moja.

Mfano wa kwanza, 1989. Kijani wanapata karibu 15%. Miaka mitatu baadaye, uchaguzi wa London wa 1992, wanashuka kwa 0,5%. Wachambuzi wakasema: umeona, ilikuwa moshi. Lakini angalia kilichofanyika katikati. Mwezi mmoja baada ya kura, Margaret Thatcher alimwondoa waziri wake wa mazingira, Nicholas Ridley, ambaye watu wa mazingira hawakumpenda, akamweka Chris Patten. Mwaka 1990 serikali ikatoa andiko kubwa la siasa yake ya mazingira. Vyama vyote vikubwa vikaanza kuimba wimbo wa kijani. Mpiga kura alituma ujumbe, wakubwa wakaupokea angalau kwa maneno, akarudi kwa chama chake. Mtu anayegonga mlango, akafunguliwa, akaacha kugonga, huyo hauwezi kumwita kichaa wa milango.

Mfano wa pili, 2014. Hapa njo ninaomba musome polepole. UKIP ilikuwa ya kwanza kwa nchi nzima: 27,5% ya kura bila kuhesabu Ireland ya Kaskazini, viti 24 kwa 73. Labour ilipata 20 na Conservative 19. Mwaka uliofuata, uchaguzi wa London wa 2015, UKIP ikapata 12,6% na kiti kimoja peke yake, kile cha Clacton. Kutoka 27,5 mpaka 12,6! Wachambuzi wakapumua: hasira imeisha, watu wamerudi nyumbani.

Sasa acha asilimia, hesabu watu. Mwaka 2014 UKIP ilipata kura milioni 4,38. Mwaka 2015 ilipata milioni 3,88. Tofauti ni nusu milioni. Asilimia ilianguka hivyo juu safari hii waliopiga kura walikuwa milioni 30 na zaidi, wakati mwaka wa mbele walikuwa milioni 16 na kidogo. Si kwamba watu wa UKIP walikimbia. Ni kwamba wengine waliamka. Sisemi ni watu wale wale mmoja kwa mmoja, kuko walioondoka na kuko walioingia. Lakini chama kinachobakia na karibu milioni nne mu uchaguzi wenye uzito, wakati kila mtu anawaambia kura yao itapotea, hicho si chama cha joto la siku moja. Na kweli ilipotea: milioni 3,88 walipata kiti 1, wakati chama cha SNP cha Uskoti kwa kura milioni 1,45 kilipata viti 56. SNP haikuiba kitu, kura zake zilikaa pamoja mahali pamoja. Lakini muweke mtu wa UKIP mbele ya hesabu hiyo, halafu mumwambie asikasirike.

David Cameron alikuwa ameahidi referendumu tangu mwezi wa kwanza 2013, kwa sehemu ili kuzima moto huo mu chama chake na pembeni yake. Tarehe 23 mwezi wa sita 2016, kwa sanduku ambalo kila kura ina uzito sawa, 51,9% walisema nchi itoke. Waliokwenda kupiga kura walikuwa 72%. Safari hiyo hakuna aliyeweza kusema ni mistari ya pembeni.

Mfano wa tatu, 2019. Nchi ilipaswa kutoka Ulaya tarehe 29 mwezi wa tatu. Haikutoka, bunge la London lilikataa mara kwa mara mapatano ya Theresa May. Kwa hiyo Waingereza wakalazimika kuchagua wadepite wa bunge ambalo walikwisha kuamua kuliacha. Brexit Party, ambayo haikuwa imefikisha hata mwaka mmoja, ilichukua 31,6% na viti 29. Liberal Democrats 20,3% na viti 16. Labour 14,1%, Kijani 12,1%, na Conservative, chama cha serikali, 9,1%, namba tano. Miaka miwili nyuma, Labour na Conservative pamoja walikuwa na zaidi ya 80% ya kura zote. Sasa pamoja walikuwa na 23%.

Halafu mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule: Conservative 43,6%, viti 365. Brexit Party kura elfu 640 hivi, 2%, bila kiti. Kutoka milioni 5,25! Hapa hesabu ya watu yenyewe imeanguka, haiko kama 2015. Je, hasira iliisha? Hapana. Boris Johnson alichukua ujumbe wao na kuufanya kichwa cha kampanye yake, na Farage mwenyewe aliondoa wagombea wake mu majimbo 317 ambayo Conservative walikuwa wameshinda 2017. Mteja akipata bidhaa ile ile mu duka kubwa, hana sababu ya kwenda kioski.

Kwa hiyo mifano mitatu, maelezo matatu: 1989 ujumbe ulipokelewa kwa maneno, 2014 haukupokelewa na watu wakabaki, 2019 ulipokelewa wote na watu wakahama nao. Neno moja haliwezi kubeba mambo matatu. Ni kama daktari wa mimea anayeita kila jani la njano «ukame». Inaweza kuwa ukame, inaweza kuwa azoti imepunguka, inaweza kuwa ugonjwa wa mizizi. Ukimwaga maji kwa zote, mbili zitakufa.

Na tusisahau wengine. Kila mara tunapozungumza juu ya kura ya hasira tunafikiri Farage tu. Lakini 2019 Liberal Democrats walitoka nyuma kabisa, kiti kimoja mwaka 2014, mpaka 16. Waliweka hata neno la matusi kidogo juu ya Brexit kwa kitabu chao cha ahadi. Michael Heseltine, mzee aliyekuwa naibu wa waziri wa kwanza mu serikali ya Conservative, alisema wazi atawapigia kura wao. Chama chake kikamsimamisha mu kundi lake bungeni. Alastair Campbell, aliyekuwa msemaji mkubwa wa Tony Blair, alisema amewapigia kura Liberal Democrats, Labour ikamfukuza. Hao si vijana wa barabarani wenye kutupa mawe. Ni watu waliokula chumvi ya vyama vyao miaka na miaka. Waliondoka juu walikuwa na maoni ambayo chama chao hakikutaka kuyasema.

Kwa Labour hasa, methali yetu inatosha: njia mbili zilimshinda fisi. Uongozi wa Jeremy Corbyn haukutaka kusema wazi kama uko na wenye kutoka ao na wenye kubaki. Wenye kutaka kubaki wakakimbilia Liberal Democrats na Kijani. Wenye kutaka kutoka wakakimbilia Brexit Party. Mu Wales, nyumba yake ya zamani, Labour ilikuwa ya tatu. Mu Uskoti haikupata depite hata mmoja. Mtu akisema hiyo yote ni hasira, anamsamehe Labour kazi ya kujibu swali.

Njo hapo kosa kubwa la neno hili. Neno «hasira» ni dawa ya usingizi kwa viongozi. Hasira inapita, kwa hiyo ngoja ipite. Maoni hayapiti kwa kungojea, yanahitaji jibu.

Usiku wa tarehe 26 mwezi wa tano 2019, matokeo yalipotoka, kila upande ulikata mahindi yake. Upande mmoja ukasema: Brexit Party ni wa kwanza, watu wanataka kutoka. Upande mwingine ukajumlisha Liberal Democrats, Kijani, SNP, Plaid Cymru ya Wales na Change UK, ukapata 40,4%, halafu ukajumlisha Brexit Party na UKIP, ukapata 34,9%: watu wanataka kubaki! Hesabu zote mbili ni za kweli. Na zote mbili ziliacha nje karibu robo ya watu waliobaki na Labour na Conservative, ambao hakuna aliyejua waliwaza nini hasa. Kila mmoja alisoma karatasi moja akaona jina lake limeandikwa. Hawa nao ni walewale wenye kusema watu wengine njo walikuwa na hasira.

Mpaka hapa nimewatetea wapiga kura. Sasa niwakosoe wao pia, na vyama vyao zaidi, juu heshima haiko kusifu peke yake.

Bunge la Ulaya halikuwa sanduku la barua kwa London. Lilikuwa na kazi, na kwa sisi watu wa shamba kazi hiyo ilikuwa kubwa. Miaka mingi siasa ya kilimo ya Ulaya ilikuwa inakula sehemu kubwa kuliko zote ya bajeti. Mu miaka ya 1980 ilifika karibu theluthi mbili. Ndiyo wakati wa milima ya siagi ambayo hakuna mtu wa kuila, na wakati Thatcher alipopigania arudishiwe sehemu ya feza yake mpaka akaipata Fontainebleau mwaka 1984. Wakati huo bunge halikuwa na sauti kubwa juu ya kilimo. Lakini tangu mkataba wa Lisbon ulipoanza kufanya kazi mwishoni mwa 2009, bunge lilianza kuamua sheria za kilimo na za uvuvi pamoja na mawaziri, sawa kwa sawa. Mwaka 2013 lilitengeneza siasa mpya ya kilimo. Mwaka ule ule lilipiga kura kukomesha ile tabia mbaya ya kutupa baharini samaki waliokwisha kuvuliwa, jambo ambalo Waingereza wengi walikuwa wamelililia.

Maana yake nini? Maana yake wakati sauti ya depite ilipopata nguvu ya kweli juu ya maziwa, ngano na samaki, njo wakati Waingereza walimtuma kule mtu ambaye programu yake ni kutoka. Farage alikuwa mu kamati ya uvuvi na alilaumiwa sana kwa kutoonekana mikutanoni. Mwaka 2019 Brexit Party iliingia mu uchaguzi bila kitabu cha ahadi hata kimoja. Ilisema kitakuja baadaye. Na watu milioni 5,25 wakaikubali hivyo. Mvuvi na mfugaji waliopiga kura ile walisema maoni juu ya London, ni haki yao, lakini kiti chao mu chumba ambapo bei yao inapangwa kilibaki karibu wazi.

Na vyama vikubwa? Hivyo njo vya kulaumiwa mbele. Kwa miaka 40 Labour na Conservative walifanya kampanye za Ulaya kama mazoezi ya mpira kabla ya mechi ya London. Mwaka 2009 mazungumzo yalikuwa juu ya wabunge wa London waliojilipia vitu kwa feza ya serikali. Skandali ilitoka mu gazeti wiki chache mbele ya kura, na Labour ikaanguka kwa 15,7%, nyuma ya UKIP. Hata chama cha kibaguzi cha BNP kilipata viti 2. Ni nani mu kampanye ile alikwenda kumwambia mkulima depite wako atafanya nini na msaada wako? Ukimficha mtu bei ya kitu, usishangae akikitupa.

Cornwall ni mfano unaoumiza. Ni eneo masikini kwa kipimo cha Uingereza, na Ulaya ilitia kule feza mingi ya maendeleo. Mwaka 2016, 56,5% walichagua kutoka. Wales pia ilipata feza hiyo, na ilichagua kutoka. Wachambuzi wakawacheka: wajinga, wamekata tawi wanalokalia. Mimi sicheki. Mtu akipewa mbolea mfuko hauna jina, hajui nani alimpa. Anajua tu kwamba kazi kwao haiko, na watoto wanahama. Maoni yake yalitoka kwa kile anachokiona. Kazi ya kuandika jina kwa mfuko ilikuwa ya vyama, na hawakuifanya. Mkulima wa England aliona ule msaada wa kila hekta ukipunguzwa mwaka kwa mwaka tangu 2021, na siasa mpya inaamuliwa London peke yake. Kuko wanaosema ni afadhali, feza iende kwa mazingira, kuko wanaolia. Lakini swali hilo lilipaswa kuulizwa mbele ya kura, wakati jibu lilikuwa bado na maana.

Nimalize na ushahidi wa mwisho. Uingereza ilitoka tarehe 31 mwezi wa kwanza 2020. Wadepite 73 wakarudi kwao, na sanduku lile la pili likafungwa. Kama ilikuwa hasira juu ya Ulaya tu, ingepaswa kufa siku hiyo. Brexit Party ikabadilisha jina, ikaitwa Reform UK. Mwezi wa saba 2024, mu uchaguzi wa London, ilipata kura milioni 4,1, 14,3%, viti 5. Kijani nao wakapata viti 4, mara yao ya kwanza kupita kimoja. Labour ikatawala na viti 411 kwa 33,7% ya kura.

Pangeni hizo hesabu: milioni 4,38, milioni 3,88, milioni 5,25, milioni 4,1. Miaka kumi, majina matatu, sheria mbili za kuhesabu, na ukiacha uchaguzi wa London wa 2017 na ule wa mwisho wa 2019 ambapo Johnson aliwabeba, watu ni karibu milioni nne ao zaidi kila mara. Mimi mambo yao mengi sikubaliani nayo, hasa vile wanavyozungumza juu ya wageni. Lakini hasira gani inarudi kwa miaka kumi na namba kubwa hivyo? Hiyo ni maoni. Maoni unaweza kuyapinga, kuyajibu, kuyashinda kwa hoja. Hasira unaingojea tu, na Waingereza wameonyesha kungojea kunazaa nini.

Kwa hiyo, wandugu, siku munaposoma tena «kura ya hasira», iwe ya Waingereza ao ya watu wengine, musikubali haraka. Ulizeni watu walikuwa wangapi, si asilimia peke yake. Ulizeni sanduku lilikuwa na sheria gani. Ulizeni nani alisikia, na alijibu nini. Majibu yakikosekana, mujue mwandishi hakupima shamba. Alipita barabarani, akaangalia mistari ya pembeni, akaenda kwake.

Karibuni kwa mawazo yenu, hasa ninyi ambao hamukubali.